Matokeo 'muhimu kitakwimu' yanaweza kukosa manufaa: Fundisho la chanjo ya Ukimwi Thailand

SEPTEMBA 24, mwaka 2009, maofisa wa Wizara ya Afya ya Umma ya Thailand na watafiti wa Jeshi la Marekani walitangaza mjini Bangkok habari iliyokuwa ikisubiriwa duniani kwa zaidi ya miaka 20. Kwa mara ya kwanza, chanjo ya majaribio ilikuwa imeonekana kupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi (VVU) kwa binadamu.

Jaribio hilo, lililojulikana kwa jina la RV144, lilianza mwaka 2003 na kuwahusisha watu wa kujitolea 16,402 wa mikoa ya Rayong na Chonburi, wenye umri wa kati ya miaka 18 na 30. Nusu yao walipewa chanjo na nusu nyingine walichomwa sindano isiyo na chanjo, bila wenyewe wala wahudumu wa afya kujua nani alipata nini.

Ilitangazwa kwamba chanjo ilipunguza maambukizi kwa asilimia 31 na kwamba matokeo hayo yalikuwa "muhimu kitakwimu". Habari hizo zilisambaa duniani kote ndani ya saa chache.

Hata hivyo, hakuna nchi iliyoanza kuwachanja wananchi wake. Thailand yenyewe haikufanya hivyo, na chanjo hiyo haikupata kibali cha kutumika popote. Mtu asiye mtaalamu ana haki ya kuuliza: kama ilithibitika kufanya kazi, kwa nini iliwekwa kando?

Jibu limo katika tofauti baina ya mambo mawili ambayo hata wasomi huyachanganya, yaani umuhimu wa kitakwimu na umuhimu wa kivitendo. Neno "umuhimu" limetumika katika yote mawili, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Watu 51 dhidi ya 74

Katika kundi la watu 8,197 waliopata chanjo, 51 waliambukizwa VVU katika kipindi cha ufuatiliaji cha takriban miaka mitatu na nusu. Katika kundi la watu 8,198 waliochomwa sindano isiyo na chanjo, walioambukizwa walikuwa 74. Tofauti ni watu 23.

Ukilinganisha 51 na 74 unapata punguzo la asilimia 31, na hiyo ndiyo takwimu iliyobebwa na vyombo vya habari. Lakini hesabu hiyo hiyo inaweza kuelezwa kwa namna nyingine. Kati ya kila watu 1,000 wasiochanjwa, 9 hivi waliambukizwa. Kati ya kila 1,000 waliochanjwa, waliambukizwa 6 hivi.

Maana yake ni kwamba ilihitajika kuwachanja watu wapatao 356, kila mmoja akirudi kituoni mara kadhaa ndani ya miezi sita, ili mtu mmoja aepuke maambukizi katika kipindi hicho.

Aidha, watafiti walieleza kwamba asilimia 31 ilikuwa makadirio tu. Kwa idadi ya watu waliochunguzwa, kinga ya kweli ingeweza kuwa mahali popote kati ya asilimia 1 na asilimia 52. Kinga hiyo ilionekana kuwa na nguvu zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha ikafifia. Kwa wale walioambukizwa licha ya kuchanjwa, wingi wa virusi katika damu haukuwa mdogo kuliko wa wenzao.

Thamani ya p ni nini?

Kila jaribio la aina hii huanza na dai linalowekwa mezani ili lipimwe, ambalo wanatakwimu huliita nadharia tete. Kwa kawaida dai hilo ni la mtu mwenye shaka. Husema kwamba chanjo haifanyi kazi yoyote, na kwamba tofauti itakayoonekana kati ya makundi mawili ni ya bahati tu.

Baada ya hapo huulizwa swali moja: ikiwa dai hilo ni kweli, kuna uwezekano gani wa kuona tofauti kubwa kama hii, au kubwa kuliko hii? Jibu lake huitwa thamani ya p.

Katika jaribio la Thailand, thamani ya p ilikuwa 0.04. Yaani, kama chanjo ingekuwa maji matupu, na jaribio lile lile lingerudiwa mara 100, bahati peke yake ingeleta tofauti ya kiasi kile au zaidi mara 4 hivi. Kwa kuwa nambari hiyo iko chini ya 0.05, mpaka uliozoeleka katika sayansi, dai la mwenye shaka hukataliwa na matokeo hutangazwa kuwa muhimu kitakwimu.

Mpaka huo wa 0.05 haukutokana na sheria yoyote ya maumbile. Ulienezwa na mwanatakwimu wa Uingereza, Ronald Fisher, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1925, akiona kuwa ni kiwango kinachofaa kwa kazi za kawaida. Waliomfuata wakakifanya kuwa kama mstari wa kumalizia mbio: aliyeuvuka ameshinda, asiyeuvuka ameshindwa.

Ikumbukwe pia kwamba thamani ya p ya 0.04 haina maana kwamba kuna uwezekano wa asilimia 96 kuwa chanjo inafanya kazi. Kosa hilo hufanywa mara nyingi, hata na watu waliosomea takwimu vyuoni. Nambari hiyo husema tu jinsi matokeo yanavyoshangaza iwapo chanjo haifanyi kazi.

Jambo kubwa zaidi ambalo thamani ya p haisemi ni ukubwa wa faida. Haisemi ni watu wangapi watanufaika, kwa gharama gani, wala kwa muda gani.

Sarafu na mizani

Mfano wa kurusha shilingi unaweza kusaidia. Chukua sarafu ya shilingi 100 ya Tanzania, yenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na swala upande mwingine. Kama haina hila, kila upande una nafasi sawa ya kutokea.

Tuseme mtu ameirusha mara 100 na sura ya Mwalimu ikatokea mara 60. Wengi wataanza kuitilia shaka sarafu hiyo. Lakini thamani ya p ni karibu 0.057, nayo iko juu kidogo ya mpaka. Kwa utaratibu uliozoeleka, mtafiti atasema hakupata tofauti muhimu kitakwimu.

Sasa tuseme mtu mwingine ameirusha sarafu yake mara milioni moja, na sura ya Mwalimu ikatokea mara 502,000. Hiyo ni asilimia 50.2. Hakuna mchezaji wa kamari ambaye angeigundua hila ndogo namna hiyo kwa macho. Lakini thamani ya p hapa iko chini ya 0.0001, na matokeo hayo ni muhimu kitakwimu bila ubishi.

Sarafu ya kwanza inaweza kuwa na hila kubwa lakini imeshindwa mtihani. Ya pili ina hila ndogo isiyo na athari yoyote katika mchezo wa kawaida, lakini imefaulu. Tofauti yao ni idadi ya majaribio. Sampuli ikiwa kubwa vya kutosha, hata tofauti isiyo na maana yoyote maishani hupita mtihani wa takwimu.

Mizani ya muuza nyama sokoni inatoa fundisho hilo hilo. Kama mizani inapunja gramu 2 katika kila kilo, anayepima mara elfu nyingi kwa kifaa makini ataweza kuthibitisha bila shaka kwamba mizani ina kasoro. Hata hivyo, hakuna mama wa nyumbani atakayehama bucha kwa ajili ya gramu 2. Ikipunja gramu 150, atahama siku hiyo hiyo. Takwimu hujibu kama kasoro ipo. Kuhama au kutohama huamuliwa na ukubwa wa kasoro na bei ya nyama.

Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mmoja wa waasisi wa mbinu hizi alikuwa mtu wa kiwandani. William Gosset aliajiriwa na kampuni ya bia ya Guinness mjini Dublin, na mwaka 1908 alichapisha kwa jina la "Student" kanuni ya kupima tofauti kwa kutumia sampuli ndogo. Mwajiri wake alinunua shayiri kwa fedha taslimu, kwa hiyo haikumtosha kujua kama tofauti ipo. Alitakiwa kujua kama inalipa.

Fundisho la Kisumu

Wakati chanjo ya Thailand ikiendelea kujaribiwa, utafiti mwingine wa kuzuia VVU ulikuwa ukifanyika karibu zaidi na nyumbani. Mjini Kisumu, Kenya, vijana 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilitahiriwa mara moja, jingine likaambiwa lisubiri miaka miwili.

Idadi hiyo ilikuwa karibu moja ya sita tu ya watu wa Thailand. Lakini mwezi Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, baada ya kuonekana kwamba si haki kuendelea kuwazuia waliokuwa wakisubiri. Waliotahiriwa na kuambukizwa walikuwa 22, wakati katika kundi la pili walikuwa 47. Kwa hesabu ya miaka miwili, maambukizi yalikuwa asilimia 2.1 kwa waliotahiriwa na asilimia 4.2 kwa wasiotahiriwa.

Kwa maneno mengine, kila wanaume 48 hivi waliotahiriwa, mmoja aliepuka maambukizi ndani ya miaka miwili. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliowahusisha wanaume 4,996, ulitoa picha inayofanana: 22 dhidi ya 45. Kabla ya hapo, mwaka 2005, utafiti wa Orange Farm nchini Afrika Kusini ulikuwa umeonyesha mwelekeo huo huo.

Machi 2007, Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kupambana na Ukimwi (UNAIDS) walipendekeza tohara ya wanaume iwe sehemu ya mikakati ya kuzuia VVU katika nchi zenye maambukizi mengi na tohara chache. Kenya ilianza mpango wake mwaka 2008, ukianzia Nyanza.

Tafiti zote, za Thailand na za Kisumu, zilivuka mpaka wa 0.05. Kilichozitenganisha ni kwamba tohara hufanywa mara moja tu, kinga yake haikuonekana kufifia baada ya mwaka mmoja, na ilifika katika sehemu ambako hatari ya maambukizi ilikuwa kubwa.

Hatari hiyo ndiyo inayofanya umuhimu wa kivitendo ubadilike kutoka nchi moja hadi nyingine. Vijana wa Rayong na Chonburi walikuwa na hatari ndogo ya maambukizi. Kama chanjo ile ile yenye kinga ya asilimia 31 ingefanya kazi sawasawa mahali penye maambukizi ya asilimia 4.2 katika miaka miwili, mtu mmoja angeepushwa kwa kila watu 76 hivi, badala ya 356. Asilimia 31 ni ile ile, lakini uzito wake kwa wananchi ungekuwa tofauti.

Siku kumi za uhai

Kuna wakati ambapo mjadala huu humgusa mgonjwa mmoja mmoja. Novemba 2005, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya erlotinib, inayouzwa kwa jina la Tarceva, itumike pamoja na dawa ya gemcitabine kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho ambayo haiwezi tena kufanyiwa upasuaji.

Utafiti uliotumika uliwahusisha wagonjwa 569. Wastani wa kati wa uhai kwa waliopata dawa zote mbili ulikuwa miezi 6.24. Kwa waliopata gemcitabine peke yake, ulikuwa miezi 5.91. Tofauti ni theluthi moja ya mwezi, yaani siku 10 hivi. Thamani ya p ilikuwa 0.038, karibu sawa na ile ya chanjo ya Thailand.

Kwa kipimo cha takwimu, dawa ilifaulu. Watetezi wake walieleza kwamba walioishi mwaka mmoja au zaidi walifikia asilimia 23, ikilinganishwa na asilimia 17 katika kundi la pili, na kwamba saratani hiyo haina tiba nyingi. Wakosoaji walisema siku 10 hazilingani na gharama yake, wala na vipele na kuharisha kulikowapata wengi waliotumia dawa hiyo.

Hakuna kanuni ya hesabu inayoweza kumaliza ubishi huo. Thamani ya siku 10 anaijua mgonjwa na familia yake, baada ya kuelezwa ukweli wote. Kinachowadhulumu ni kuambiwa tu kwamba dawa "imethibitika kurefusha maisha", kisha nambari yenyewe ikafichwa.

'Hakuna tofauti' nako si hukumu ya mwisho

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba utafiti usiovuka mpaka wa 0.05 umethibitisha kwamba hakuna tofauti. Sarafu iliyotoa sura ya Mwalimu mara 60 kati ya 100 haikuthibitishwa kuwa safi. Ilikosa tu ushahidi wa kutosha.

Jaribio la Thailand lenyewe ni mfano wa jinsi mpaka huo ulivyo mwembamba. Watu saba kati ya waliojiandikisha walikuja kugundulika kwamba tayari walikuwa na VVU kabla ya jaribio kuanza, nao wakaondolewa katika hesabu iliyotangazwa. Wakirudishwa, idadi inakuwa 56 dhidi ya 76, makadirio ya kinga yanashuka kidogo hadi asilimia 26, na thamani ya p inapanda hadi 0.08.

Hivyo basi, watu saba kati ya 16,402 walitosha kuyahamisha matokeo kutoka "muhimu" hadi "si muhimu", wakati chanjo ilikuwa ile ile na tofauti ya maambukizi ilibadilika kidogo tu. Hesabu hiyo ilipojulikana, baadhi ya wanasayansi walilalamika kwamba umma ulikuwa umepewa nambari moja tu kati ya zilizokuwepo.

Machi 2016, Chama cha Wanatakwimu cha Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1839, kilitoa tamko rasmi kuhusu matumizi ya thamani ya p. Miongoni mwa mambo sita iliyoyasisitiza ni kwamba thamani hiyo haipimi ukubwa wa athari wala umuhimu wa matokeo, na kwamba maamuzi ya kisayansi, ya biashara au ya sera yasitegemee tu kama mpaka fulani umevukwa.

Miaka mitatu baadaye, Machi 2019, zaidi ya wanasayansi 800 waliunga mkono wito uliochapishwa katika jarida la Nature wa kuachana kabisa na maneno "muhimu kitakwimu". Wapo waliopinga, wakihofia kwamba bila mpaka wowote kila mtafiti atajitangazia ushindi. Pande zote mbili, hata hivyo, zinakubaliana kwamba nambari moja haitoshi.

Msomaji aulize nini

Kwa mwananchi anayesoma gazeti au kusikiliza redio, habari ya utafiti wa tiba, mbolea au njia mpya ya kufundishia inapaswa kuzaa maswali machache. La kwanza ni kama punguzo linalotajwa ni la kulinganisha makundi au ni la watu halisi. "Asilimia 31" na "watu watatu katika kila 1,000" zinaweza kuwa matokeo ya utafiti mmoja.

La pili ni makadirio ya chini na ya juu. Kati ya asilimia 1 na asilimia 52 kuna umbali mkubwa, na serikali inayopanga bajeti haiwezi kuupuuza. La tatu ni gharama, madhara na muda wa faida. La nne ni kama watu waliochunguzwa wanafanana na wale watakaohudumiwa.

Kwa upande wa chanjo ya VVU, swali hilo la nne lilipata jibu lake barani Afrika. Mwaka 2016, chanjo iliyotokana na ile ya Thailand, iliyorekebishwa ili ilingane na aina ya virusi inayotawala kusini mwa Afrika, ilianza kujaribiwa Afrika Kusini kwa watu zaidi ya 5,400, lengo likiwa kinga ya angalau asilimia 50. Februari 2020 jaribio lilisitishwa. Walioambukizwa walikuwa 129 kati ya waliochanjwa, na 123 kati ya wasiochanjwa.

Jaribio jingine, PrEPVacc, liliwahusisha watu wa kujitolea wa Uganda, Afrika Kusini na Tanzania, wakiwamo wakazi wa Mbeya na Dar es Salaam. Moja ya chanjo zake mbili ilitumia AIDSVAX B/E, kiungo kile kile kilichotumika Thailand. Utoaji wa chanjo ulisimamishwa mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya wasimamizi kuona kwamba hakukuwa na matumaini ya kuonyesha kinga.

Wanasayansi wengi bado wanaiheshimu kazi ya Thailand, kwa sababu damu ya waliochanjwa iliwapa dalili za mwanzo za aina ya kinga inayopaswa kutafutwa. Lakini kama nchi yoyote ingeharakisha kuwachanja wananchi wake mwaka 2009 kwa kutegemea neno "muhimu" peke yake, vijana wengi wangerudi nyumbani wakiamini wamekingwa.